Bia Inayosema

Mimi ni mwoga. Heri niseme mapema, msomaji asije akanitarajia ushujaa mahali ambapo haukuwepo. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa bahasha yenye kidirisha cha plastiki. Lakini hofu yangu kubwa, ile niliyopanda nayo ndege mpaka Virginia, ni hodi ya polisi huku mama yangu akiwa ndani ya nyumba.

Kwetu, magharibi mwa Kenya, mama alikuwa akipika busaa, pombe nzito ya unga wa mahindi uliokaangwa na kimea cha wimbi. Sheria iliikataza, na kila boma liliipika. Nilikuwa na miaka tisa, naibu wa chifu alipoingia kwetu asubuhi moja na askari wawili, mama akiwa katikati ya kuikamua. Baba alikuwa ameketi pale pale kando ya chungu, na pombe yenyewe ilikuwa ya wageni wake. Mama akainuka, akajipangusa mikono, akasema, "Ni yangu. Huyu hajui kitu." Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Chungu ni cha mwanamke, kwa hiyo kosa pia ni la mwanamke, na hakuna mwanamume aliyewahi kulalamika juu ya mpango huo. Kisha mama akaomba ruhusa aingie chumbani. Alitoka amevaa magauni mawili, moja juu ya jingine, sweta juu yake, na kipande cha sabuni kwenye mfuko. Wanawake wote wa kwetu walijua hivyo, kwamba seli ina baridi na gauni la pili ndilo blanketi. Alikaa ndani miezi minne. Mimi nilijificha nyuma ya ghala na sikutoka hata kumuaga.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwishoni mwa miaka ya tisini, mama alikuja kututembelea Springfield, huko huko Virginia. Tulikaa kwenye fleti ghorofa ya pili, mimi na mke wangu, karibu na yale makutano ya barabara kuu ambayo kila mtu aliyapitia akitukana. Mke wangu ni muuguzi, na si wa kabila letu, kwa hiyo ndani ya nyumba mama alizoea kusema Kiswahili. Mimi nilikuwa msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Annandale. Karatasi zangu za green card, kibali cha kuishi Marekani, zilikuwa zimewasilishwa na nilikuwa nikingoja barua ya kuitwa kwenye mahojiano. Yeyote aliyewahi kungoja barua hiyo anajua kwamba mtu hulala kiupandeupande.

Zilipobaki wiki tatu mama arudi nyumbani, wazee wa kwetu waliotapakaa Maryland na Virginia wakasema watakuja kumuaga. Mama akaniuliza watakunywa nini. Nikamwambia soda na bia za dukani. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa mdogo na kurudi kutoka mtoni na mtungi nusu.

"Wazee wanikute mimi kwako," akasema, "halafu wanywe vitu vya duka?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wa mabomba wa pale kazini, mzee mmoja Mmarekani wa Upper Marlboro ambaye alipika bia kwake kila mwezi, akaiweka kwenye kegi, yaani pipa jembamba la chuma lililofika magotini, lenye mpira wa kutolea bia na mtungi mdogo wa gesi wa kuisukuma. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba ana bia nyingi kuliko marafiki. Nilipomwomba akafurahi sana. Alisema ataniletea kegi nzima, chupa tupu thelathini na sita, na mashine ya kubania vizibo, na atanifundisha kujaza.

"Lakini ni halali?" nikamwuliza, huku nikiangalia nyuma.

"Kila mtu anapika," akasema.

Kwetu pia kila mtu alikuwa anapika, na ndiyo maana jela ilijaa. Nikamwuliza tena. Akasema ndiyo, ni halali kabisa, mradi nisiuze. Nikaitikia kwa kichwa, nisimwamini hata kidogo. Mtu aliyezaliwa nchini hawezi kujua ni nini halali kwa mgeni.

Mke wangu alisema neno la maana, kama kawaida yake. "Si u-call tu ofisi ya county uulize? Watakuambia ni legal ama si legal, maneno yaishe."

"Nipige simu nijitangaze mwenyewe?"

"Haya. Basi usinisumbue na hizo roho zako za kuruka-ruka. Mimi niko na shift."

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimemsihi aifunike kegi kwa blanketi kabla ya kuishusha kwenye gari, akaifunika, na kupanda ngazi zote akiwa amelikumbatia lile pipa, anacheka. Nilifunga mapazia. Nilifungulia redio. Nilipachika taulo chini ya mlango ili harufu isitoke. Mama alikaa kwenye kigoda cha jikoni akitazama haya yote.

Kuijaza bia kutoka kwenye kegi ni kazi ya polepole, na fundi aliifanya taratibu na kwa makini. Kegi ilikaa kwenye beseni la kuogea, imezungushiwa barafu. Chupa zilikuwa zimelala kwenye friji kwake usiku kucha, maana chupa ya moto hugeuza bia yote kuwa povu. Alipunguza gesi mpaka ikawa inapumua kidogo tu, akaingiza mpira hadi chini kabisa ya chupa, akaacha bia ipande yenyewe. Ilipofika shingoni akachomoa mpira, povu likafurika mdomoni, naye akapachika kizibo juu ya povu lenyewe na kubana. Alisema povu hufukuza hewa, na hewa ndiyo adui. Alijaza chupa sita. Kisha akanishika bega na kunieleza jambo moja mara mbili. Nisiongeze kitu chochote. Gesi imeshaingia, bia imekwisha kuiva, kazi yangu ni kuihamisha tu. Akaniachia vyombo vyake, akaenda zake.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Nikamfasiria yote, pamoja na lile la mwisho.

Mama alichukua moja ya zile chupa sita, akaiweka sikioni. Alisikiliza muda mrefu. Akaiweka chini.

"Hii haisemi," akasema.

Nilijua maana yake. Kwetu busaa hupelekwa mbele ya wazee ikiwa bado inachemka yenyewe. Mzee wa kwanza huinamia chungu na kusikiliza kabla hajatia mrija. Akisikia inafukuta, anajua imepikwa kwa ajili yake. Ikiwa kimya, anajua amepewa mabaki ya sherehe ya mtu mwingine. Atainywa kwa adabu, na hatarudi tena katika nyumba hiyo. Nimewahi kuona ndugu wakikosana miaka kwa sababu ya chungu kilichonyamaza.

Mama akaenda chumbani kwake na kurudi na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu. Ndani yake mlikuwa na kimea cha wimbi, unga mwekundu wenye harufu ya mvua ya kwanza. Kwenye uwanja wa ndege alikuwa amesema ni unga wa uji.

Ningepaswa kukataa. Fundi alikuwa ameniambia mara mbili, tena kwa kunishika bega. Lakini kuna mwanamume gani wa kwetu anayemfundisha mama yake kazi ya pombe? Tulizifungua zile chupa sita. Mama akatia kimea kwa vidole vitatu ndani ya kila moja, akiniambia nibane upesi, kisha tukaendelea na nyingine, kimea kwanza, bia juu yake, kizibo juu ya povu, mpaka zikatimia thelathini na sita. Aliimba taratibu alipokuwa akifanya kazi. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu afike.

Hofu yangu ndiyo iliyochagua pa kuziweka. Mtu mwenye akili angeziacha kwenye baridi. Mimi nilitafuta mahali ambapo polisi hawezi kuona akisimama mlangoni, na mahali hapo palikuwa kabati la ukutani lenye tangi la maji moto. Nilizipanga humo kuzunguka tangi, nikazifunika kwa mablanketi, nikafunga mlango na kusogeza ubao wa kupigia pasi mbele yake. Ilikuwa Juni. Ndani ya kabati lile mtu angeweza kuumua mkate.

Wiki iliyofuata sikuwa na raha hata dakika moja. Gari la polisi likipita barabarani nilisimama kando ya dirisha nikihesabu mpaka lipotee. Bibi wa ghorofa ya chini alinikuta kwenye ngazi akasema anasikia harufu kama ya mkate, nikamwambia mama yangu anapika mikate, kisha nikalazimika kweli kwenda kununua mkate nimpelekee. Jumatano barua ikafika. Mahojiano yangu yalikuwa baada ya wiki mbili. Mke wangu aliibandika kwenye mlango wa friji kwa furaha. Mimi kila nilipofungua friji niliisoma upya, nikaona jinsi nitakavyoulizwa kama nimewahi kukamatwa.

Alhamisi nilifungua kabati. Kimya kilikuwa kimekwisha. Chupa zilikuwa zinatoa sauti nyembamba, kama ya mtu anayenyonya hewa kati ya meno, na vizibo kadhaa vilikuwa vimevimba katikati. Nilimwita mama. Akainama, akasikiliza, akatabasamu na kunipiga kofi dogo mgongoni.

"Sasa inasema," akasema.

Nilifunga mlango. Nilijua kuna kitu hakiko sawa, nilijua kabisa. Ningeweza kumpigia fundi, lakini simu ilikuwa na watu wengine ndani yake, ndivyo nilivyoamini, watu wa serikali wanaosikiliza wageni wakizungumza habari za pombe. Mtu akicheka hapa simlaumu.

Ilitokea Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mke wangu yuko kazini. Mimi na mama tulikuwa mezani. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mkavu na mkubwa, na kabla sijafikiri nilikuwa chini ya meza nimefunika kichwa. Wa pili ukaja, kisha wa tatu na wa nne kwa pamoja, halafu vioo vikigonga mlango wa kabati kwa ndani. Ubao wa pasi ulianguka. Bia ikatokea chini ya mlango, ya kahawia, ikatambaa kwenye kapeti. Mama hakuwa ameinama. Alikuwa amekaa wima na kipande cha ugali mkononi, anasikiliza.

"Ni chupa," akasema. "Toka huko chini."

Nilitoka. Niliegemeza meza kwenye mlango wa kabati. Kila dakika chache moja ililipuka, na kila ilipolipuka niliruka. Sikuogopa vioo. Nilikuwa nasikiliza ngazi. Na kweli, haikufika nusu saa, nikasikia viatu vizito vikipanda, sauti ya redio ya mkononi ikikoroma, kisha ile hodi. Ngumi tatu. Duniani kote wanagonga vile vile.

Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, na mikono yao ilikuwa kiunoni karibu na bastola. Jirani alikuwa amesema amesikia risasi. Kuna mtu ameumia? Kuna silaha ndani? Nilijibu hapana, hapana, na sauti yangu ikawa nyembamba kama ya mtoto. Mwanamume akaingia hatua mbili, akaangalia kapeti, akanusa. Akaangalia meza iliyoegemezwa kwenye kabati. Macho yake yakapita juu ya friji na kusimama kwenye barua.

"Hii harufu ni ya nini?" akauliza.

Niliposikia droo ikifunguliwa chumbani ndipo nilipogundua kwamba mama hayuko tena mezani. Akatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na juu yake gauni la buluu la nyumbani, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na juu ya yote sweta ya sufu, katika joto lile la Juni. Mkononi alishika mfuko wa nailoni ule ule wa kimea, na niliona umbo la kipande cha sabuni ndani yake. Akaja mpaka mbele ya yule mwanamke wa polisi, akanyoosha mikono yote miwili pamoja.

"Ni yangu," akasema. "Huyu hajui kitu. Mimi ndiye nimepika."

Yule mwanamke akanigeukia. "Anasema nini?"

Nimeirudia sekunde ile mara nyingi kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu. Nilikuwa na majibu mawili mdomoni. Ningeweza kusema bia ni yangu, niliiomba mimi, nilibana vizibo vyote kwa mikono yangu. Hakuna mtu mwingine hapo aliyejua Kiswahili. Ningeweza kusema chochote. Nikatazama barua kwenye friji, nikatazama pingu kwenye mkanda wa yule mwanamume.

"Anasema ni yake," nikasema. "Anasema yeye ndiye aliyepika."

Yule mwanamume alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Aliondoa mkono kiunoni, akamwambia mwenzake kwamba shemeji yake alilipua gereji nzima hivyo hivyo, na kwamba watu hawasikii wakiambiwa wasiongeze sukari. Bia! Wakacheka wote wawili, kwa ahueni, maana nao walikuwa wamepanda ngazi wakitarajia maiti. Yule mwanamke akaishusha mikono ya mama taratibu, kama mtu anayemzuia mgeni asibebe vyombo. Akaniambia tusifungue kabati mpaka kesho, tuzime tangi la maji, na tutakapofungua tuvae kitu cha kukinga macho. Akaandika mistari miwili kwenye kitabu chake. Akiwa mlangoni akamwangalia mama tena.

"Bibi anasafiri?" akauliza.

"Anasikia baridi," nikasema.

Nilifunga mlango nikabaki nimeegemea. Nikatia na mnyororo wa mlango. Mama alikuwa bado amesimama pale pale, mfuko mkononi.

"Wameenda kuleta gari?" akauliza.

"Wameenda kabisa, mama. Hawarudi. Hapa si kosa."

"Nini si kosa?"

"Kupika. Mtu anaweza kupika nyumbani kwake akanywa na wageni wake. Hawana shida nayo."

Aliketi kwenye ukingo wa kochi, bado na sweta yake, jasho likimtiririka usoni. Ndani ya kabati chupa moja zaidi ililipuka, na hakuna aliyeshtuka kati yetu. Alijipangusa uso kwa mkono wa sweta.

"Basi ile miezi minne," akasema, "nilifungwa kwa nini?"

Nilienda kupiga magoti mbele yake nimvue sweta, maana alikuwa ameanza kuhema. Akaniacha nimvue. Kisha akaniwekea mkono kichwani, vile alivyokuwa akifanya nilipokuwa na homa.

"Yule mama wa polisi alipokuuliza," akasema, "ulimwambia ni yangu?"

Ningeweza kumdanganya. Hakujua Kiingereza.

"Nilimwambia ni yako."

"Ulifanya vizuri," mama akasema. "Wewe una karatasi zako."

Nikainamisha kichwa nikaanza kumfungua vifungo vya gauni la juu. Vilikuwa vingi, kwa hiyo nilichukua muda mrefu.